Jua la Penye Baridi

Masanduku yalikwisha kupakiwa kwenye lori, na pacha wameshakaa mbele kwa dereva. Mama yao alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi. Mumewe alimfuata kichwa chini, macho mekundu, pua imebabuka kama kiazi kilichomenywa nusu.

"Tunarudi bondeni," Mama Pacha akamwambia jirani yao, fundi wa umeme ambaye kambi nzima ya kituo cha sola, huko mlimani, ilimwita Bi Volti. "Mwezi haujaisha tangu aanze kuosha paneli zenu za sola. Tazama sura. Zile paneli zina sumu."

"Na kazi, aliyoisubiri miaka?"

"Kazi atapata nyingine. Uso je?"

"Shemeji, hebu vua kofia."

Akavua kikofia chake cha sufu. Paji la uso lilikuwa laini kama siku ya harusi. Mbabuko uliishia pale pale kofia ilipoanzia.

Mama Pacha akashuka. Akapitisha kidole kwenye ule mpaka.

"Sumu gani inaheshimu kofia?" Bi Volti akauliza.

"Basi ni jua? Huku ndoo zinaganda asubuhi!"

"Baridi ni ya hewa, dada. Mwanga ni kitu kingine. Tuko juu sana. Hewa nyepesi haichuji ukali wa jua kama bondeni. Ndiyo maana kituo kikajengwa huku. Paneli zinataka mwanga, si joto. Joto likizidi zinazembea."

"Kama huyu," Mama Pacha akasema, akimwonyesha mumewe.

Mume akacheka, kisha akashika mdomo uliopasuka.

"Na macho?"

"Theluji na vioo vinarudisha mwanga usoni. Avae miwani ya kuzuia miale ya jua, kofia pana, afunike shingo, apake mafuta ya kukinga jua. Hata penye mawingu. Na leo aende zahanati. Macho hayabahatishwi."

Mama Pacha akamgeukia mumewe. "Baba Pacha, hukupewa kofia pana?"

"Nilipewa. Nikasema, baridi hii, kofia ya jua ya nini? Wenzangu wangenicheka."

"Sasa nakucheka mimi. Dereva, shusha masanduku."

Macho yalipona kwa dawa ya zahanati. Ngozi ilirudi, ila sikio moja lilibaki na baka. Baba Pacha bado anaosha paneli, na Mama Pacha anaosha safu ya pili, wote wamejifunika. Pacha wanasoma shule ya kambini. Bi Volti alihamishiwa kituo kingine. Siku ile dereva aliteremka peke yake.