Glasi ya Kumi

Wangare aliona nyusi kwanza. Nyusi mbili nyembamba, ndani ya duara la dhahabu ambalo jana yake lilikuwa tupu.

Glasi zilikuwa kumi, fahari ya memsahibu wa shamba moja juu ya Elburgon. Tisa zilichorwa nyuso za watoto. Ya kumi ilikuwa na duara lisilo na uso. Mwaka ule wa 1957 hakuna aliyeruhusiwa kuziosha ila Wangare: maji ya vuguvugu, taulo chini ya beseni, moja moja, dhahabu isisuguliwe. Akimaliza, azihesabu kwa sauti.

Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Kwa kina Wangare watoto hawahesabiwi, na kumi haitajwi. Husemwa tisa iliyojaa. Miezi mitatu alisema hivyo, mpaka memsahibu akagonga meza.

"Wewe hapana jua hesabu? Sema kumi."

Mugure, binti wa pekee wa Wangare, miaka sita, alikuwa amesimama mlangoni akila kiazi. Wangare akasema kumi. Mdomo huponza kichwa, na safari hii kichwa hakikuwa chake.

Baada ya nyusi yalikuja macho, kisha pengo la jino lililomng'oka Mugure Jumapili. Jiko likanuka udi usiofukizwa na mtu. Na kila glasi ile ilipotumbukizwa majini, Mugure aliyekuwa akicheza juani aliingia akitetemeka, nywele zikichuruzika maji.

Mpishi, Mzee Joash, aliwahi kufanya kazi Mombasa. Aliinusa glasi, akairudisha polepole.

"Mama Mugure, hii iko na jini. Lilikuwa linangoja kuhesabiwa mtoto."

"Niivunje?"

"Utakuwa umevunja nani?"

"Basi nifute hiyo sura na magadi."

Wangare alijaribu ncha ya sikio tu. Mugure akapiga yowe huko nje, na tangu siku hiyo sikio lake la kushoto halina ncha.

Ikawa sasa anaiosha kama anayeosha kichanga, pumzi ameibana, akiomba isiteleze, akamwita mchungaji aje kuiombea, naye mchungaji akaomba siku tatu huku sura ile ikimsikiliza kwa makini, kisha akachukua kofia yake na asirudi tena.

Halafu memsahibu akauza shamba arudi kwao Ulaya. Wangare alipiga magoti, akasema ukweli wote, akalia, akaomba aachiwe moja tu.

"Hii ni seti," memsahibu akasema. "Hapana vunja seti."

Basi Wangare akaipanga mwenyewe sandukuni, kwa nyasi kavu, maana nani mwingine angeipanga kwa upole? Joash akafunika, akapiga msumari wa kwanza huku machozi yakimtoka.

Mugure alikuwa uani. Aligeuza uso huku na huku, mikono mbele, akipapasa.

"Mama, nyasi zinaniwasha," akasema. "Na mbona umefunga mlango?"

Ilikuwa saa sita mchana, na jua lilikuwa kali.