Theluji Kwenye Shavu la Britta

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Marlys Kivela alimvalisha binti yake Britta kofia ngumu ya hoki ya barafu. Britta alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa na usonji, na hakuwahi kusema neno. Tangu Oktoba alikuwa akijipiga ngumi usoni, upande wa kushoto. Kofia ilikinga fuvu. Haikukinga shavu wala jicho.

Britta alipenda theluji. Ndivyo wote walivyoamini. Kila akitoka nje alichota konzi moja, akaibana shavuni, akatulia. Mjomba wake Wade, ambaye naye ana usonji, alimpiga picha akiwa hivyo. Picha hiyo aliiweka kwenye mabango ya chama chake cha watu wenye usonji, na chini yake maneno haya: "Tuacheni tulivyo."

Chama hicho kilipinga utafiti wa chuo kikuu juu ya watoto wenye usonji wanaojiumiza. Britta alikuwa ameandikishwa kuanza Machi. Mwezi Februari Wade na wenzake walipeleka chuoni sahihi mia nne za kuupinga, na utafiti ukasimamishwa.

"Umefanya nini, Wade?" Marlys alimuuliza jikoni.

"Nimemlinda, dada. Umesahau walivyonifunga mikono kwenye kiti darasani? Na wale walikuwa wasomi."

"Sijasahau. Mimi ndiye niliyekuwa nakufungua."

"Basi."

"Basi nini? Una sahihi mia nne. Hata moja si ya Britta."

"Hata fomu ya utafiti hakuitia sahihi yeye. Uliitia wewe."

Marlys alimpeleka mtoto kwa daktari wa familia. Daktari alisimama mlangoni akamtazama tu. "Ni usonji, mama," alisema. "Wako hivyo."

Aprili theluji iliyeyuka. Britta akaanza kujipiga mfululizo, mpaka vifundo vya vidole vikachubuka. Aliacha kula mkate, akabaki na uji wa shayiri. Marlys alilala sakafuni kando ya kitanda chake, akiwa ameushika mkono wake.

Jumamosi moja jirani yao, Lorna Maki, alikuja kurudisha ngazi. Lorna ni muuguzi. Alisimama akimwangalia Britta kwa muda.

"Anajipiga upande huo tu?"

"Huo tu."

"Na chakula anatafunia wapi?"

Marlys alifikiri. "Kulia. Siku hizi hatafuni kabisa."

"Hiyo theluji aliibana shavu gani?"

Picha ile ya Wade ilikuwa imebandikwa kwenye jokofu. Wote wawili waliitazama: shavu la kushoto.

"Usonji hauchagui upande, Marlys," Lorna alisema. "Huyu mtoto anaumwa. Mimi na wewe tukiumwa jino tunasema. Yeye alikuwa anajitibu kwa baridi, na dawa yake imeyeyuka. Mtoto asiyesema akianza kujipiga, tazama meno kwanza, kisha masikio, kisha tumbo."

"Daktari alisema wako hivyo."

"Alimfungua mdomo?"

"Hapana."

Hospitali ilikuwa na foleni ya miezi minane kwa wagonjwa wanaohitaji dawa ya usingizi ili watibiwe meno. Lorna alipiga simu akaeleza kwamba shavu limevimba na mtoto ana homa. Walipokelewa siku ile ile. Magego mawili ya kushoto yalikuwa yameoza hadi mizizini, na usaha umejaa.

Kisha daktari wa macho akamulika jicho la kushoto. Utando wa nyuma ya jicho ulikuwa umechanika kwa vipigo na kubanduka. Ulikuwa umekaa hivyo muda mrefu.

"Hili halitaona tena," alisema.

Wade alikuwa ukumbini. Marlys alimpa mpango wa utafiti aliokuwa akiubeba mkobani tangu Januari.

"Ukurasa wa tano," alisema.

Wade alisoma. Kila mtoto angepimwa meno na masikio katika juma la kwanza.

"Hukuufikia huu?" Marlys aliuliza.

"Niliishia wa kwanza." Sauti ya Wade ilikuwa ndogo. "Kichwa chake ni 'Kuondoa Tabia Mbaya za Wenye Usonji.' Ungekuwa mimi, ungeendelea kusoma?"

"Pengine nisingeendelea," Marlys alisema. "Lakini ilikupasa."

Juni, Wade alikwenda kwa Dakta Ostby, mkuu wa utafiti. Hawakupendana, na hadi leo hawapendani. Lakini Ostby alikifuta kile kichwa cha habari. Wade na wenzake wawili wakaingia kwenye kamati ya utafiti, utafiti ukaanza upya, na hakuna mtoto anayefungwa mikono. Ule ukurasa wa tano sasa ndio wa kwanza: kabla ya kuhesabu mtoto anajipiga mara ngapi, tafuta maumivu. Kati ya watoto kumi na wawili waliopimwa kwanza, wanne walikutwa na meno yaliyooza au masikio yenye usaha. Wote wanne walitibiwa, na macho yao ni mazima.

Britta hajipigi tena. Kofia inaning'inia gerejini. Novemba theluji ilipoanguka, Wade na Marlys walisimama naye uani wakisubiri. Britta aligeuza kichwa chote ili aione kwa jicho la kulia. Hakuichota.

Wade aliingia ndani akaibandua picha kwenye jokofu.