Kabla Zabuni Haijafunguliwa

"Kifungu, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yako."

"Na haya maneno?"

"Ni yako pia."

"Muongo! Sahihi ni yangu, lakini haya maneno nilishayafuta wiki tatu zilizopita!"

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, hata chai ya kwanza ofisini haijamiminwa, na tayari watu wawili wanaopendana walikuwa wanatazamana kama majirani wanaogombea mpaka.

Mwanamke aliyekuwa anauliza alikuwa wakili wa mazingira. Ofisi nzima ilimwita Wakili Buti kwa sababu chini ya meza yake kulikuwa na buti za mpira zenye tope la kila mto aliowahi kuutetea. Kifungu alikuwa wakili wa mikataba ya serikali. Ukimsalimia atakujibu na kifungu cha sheria, jina likamganda. Vyumba vyao vilitazamana. Harusi yao ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata, na kadi zilishagawiwa zote.

Sasa sikia kilichomchoma Buti. Kiwanda kimoja cha kutia rangi vitambaa kilikuwa kinaomba zabuni ya serikali ya sare za shule. Kifungu aliandaa makabrasha ya zabuni, na Buti alitakiwa kuandika maoni ya kisheria: je, majitaka ya kiwanda yanafuata sheria? Rasimu ya kwanza aliiandika kwa vipimo alivyopewa na kiwanda chenyewe. Maji safi, hakuna tatizo. Lakini Buti haamini maji ambayo hajayakanyaga. Alivaa buti zake, akashuka mtoni, akachota mwenyewe na kupeleka maabara. Majibu yakaja mabaya. Akaandika maoni mapya: kiwanda kirekebishe kwanza bwawa la majitaka, ndipo kiombe zabuni.

Na leo Mama Muhuri, katibu wao, alimletea nakala ya zabuni ilivyowasilishwa, kwa ajili ya kuhifadhi. Ndani, barua iliyokaa ni ile ya kwanza. Maji safi, hakuna tatizo, na chini yake sahihi ya Buti.

"Mimi nilituma ya mwisho," Kifungu alisema. Alikuwa anageuza kurasa kama mtu anayetafuta funguo gizani. "Haki ya Mungu, nilituma ya mwisho."

"Usimwingize Mungu kwenye makabrasha yako. Kuna mama mmoja kule chini ya kiwanda anafua nguo mtoni. Alinionyesha mikono yake ilivyobabuka. Nikakusimulia, ukanyamaza kwa uchungu, nikasema huyu ndiye mwanaume. Kumbe unawaza ubia!"

Hapo alimpiga penye kidonda. Kifungu alikuwa ameahidiwa kuwa mbia wa ofisi kama zabuni hiyo ingeshinda. Jina lake lingeandikwa mlangoni.

"Buti, hivyo ndivyo unavyonijua?"

"Nilidhani nakujua."

"Nipe dakika tano niangalie kompyuta."

"Angalia hata mwaka mzima. Harusi hakuna."

Kifungu akaigeukia kompyuta yake. Hakubisha. Huko kutobisha ndiko kulikomuumiza Buti zaidi, maana alizoea kumsikia akibishia hata bei ya nyanya.

Alirudi chumbani kwake, akafunga mlango, akalia. Alilia kweli, kwa kwikwi, karatasi ikiwa mkononi. Kisha akamwandikia mama yake:

"Mama, harusi hakuna. Nitakueleza."

Jibu likaja upesi:

"Nani kasema? Umekunywa chai?"

Kabla hajajibu, ujumbe mwingine ukaingia. Wa Kifungu.

"Ni kosa langu. Nimeshajua lilivyotokea, ila sina muda wa kueleza. Naenda kuitoa zabuni kabla haijafunguliwa saa nne. Nisamehe."

Buti alisogea dirishani. Akamwona anavuka barabara mbio, kompyuta kwapani, tai imerukia begani. Hakumjibu. Lakini dirishani hakutoka mpaka alipopotea kwenye kona.

Simu ikaita. Alikuwa mwenye kiwanda.

"Wakili, huyo mwenzako ana wazimu! Eti anataka kuitoa zabuni yangu! Nimemkatia simu. Mzuie!"

"Amekwambia kwa nini, mzee?"

"Eti barua yako iliyoingia ni ya zamani. Eti kosa ni lake peke yake, wewe hukujua. Sasa kama hukujua, si uendelee kutojua? Sahihi si yako?"

Buti akakaa chini taratibu. Mwizi gani huyu anayekimbia kurudisha mali kabla hajakamatwa? Mtu aliyeuza mto kwa ajili ya ubia angekuwa amekaa pale akiomba saa nne ifike haraka.

"Mzee, nisikilize kama unavyomsikiliza binti yako. Zabuni hufunguliwa saa nne. Ikishafunguliwa haibadilishwi hata mkato. Siku wakaguzi wakipima yale maji, utakuwa umeipa serikali barua ya uongo. Watakufungia, usiombe zabuni tena miaka na miaka. Ukiitoa sasa hivi, umekosa hii moja tu. Ukarekebisha bwawa lako, inayokuja unaingia kifua mbele."

Mzee akavuta pumzi ndefu.

"Na wewe utaniandikia hiyo barua nyingine?"

"Nitakuja na buti zangu, nichote maji mwenyewe. Yakiwa safi nitaandika ni safi."

"Buti zako hizo zitanifilisi, binti." Akaguna. "Haya. Andika nisaini. Lakini huyo mwenzako simtaki tena kwenye kabrasha langu."

"Nitamwambia."

Akaandika mistari minne, akamtumia. Mzee akasaini, akaituma moja kwa moja kwenye barua pepe ya kamati ya zabuni. Saa ya ukutani ilikuwa tatu na nusu. Buti akashuka ngazi mbili mbili, akasimamisha teksi.

Ukumbi wa zabuni ulikuwa umejaa watu waliovalia vizuri na kunyamaza. Mbele kulikuwa na sanduku la bahasha lenye kufuli, na kando yake meza ya afisa, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kifungu alikuwa amesimama mbele ya meza hiyo, ameupa mlango mgongo. Shati lilikuwa limemganda kwa jasho. Buti akabaki palepale mlangoni.

"Wakili," mama wa miwani alikuwa anasema, "hapa kwenye sababu umeandika 'kosa la nyaraka'. Kosa gani?"

"Niliambatanisha rasimu badala ya maoni ya mwisho. Mwenzangu ambaye sahihi yake iko pale hakujua lolote. Rasimu zake zote huwa na sahihi ya kompyuta chini."

"Hayo maoni ya mwisho ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo wiki tatu."

"Sasa rasimu ya zamani ilikuwa inafanya nini mbele yako?"

Kifungu akakohoa. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Huwa naifungua kila asubuhi, mama."

"Rasimu ya majitaka? Kila asubuhi?"

Watu wa viti vya mbele wakacheka.

"Si kwa ajili ya majitaka. Alinipa nimkagulie lugha. Nilipofika aya ya sita nikamwandikia pembeni: 'Utakubali nikuoe?' Kwa mdomo nilikuwa nimejaribu mara tatu nikashindwa. Naye akanijibu palepale, pembeni. Basi nikashindwa kuifuta. Siku ya kufunga makabrasha nilichukua iliyokuwa mbele ya macho yangu, nikaondoa maandishi ya pembeni kwenye nakala, nikasahau kuwa ni ya zamani, nikasaini makabrasha bila kusoma. Mimi huyu, ninayewafokea watu wote wasome kabla ya kusaini."

"Naomba nione," mama akasema, kisha akaongeza haraka, "kwa kuthibitisha tu."

Kifungu akafungua kompyuta. Mama akavaa miwani, akasoma kwa sauti, na ukumbi mzima ukamsikia:

"'Ndiyo. Hata ungeniuliza mara mia, ndiyo. Sasa ondoa huo mkato hapo juu, umekaa vibaya.'"

Hakuna aliyecheka tena. Mama akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake.

"Na huyu wa mkato yuko wapi leo?"

"Ameniacha. Saa mbili na nusu."

Pale mlangoni Buti alisikia kila neno. Alimpenda wakati ule kuliko siku aliyoandika lile jibu, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Pole sana," mama akasema. "Lakini zabuni ni ya mteja. Nahitaji barua yake ya kuridhia. Bila hiyo siwezi kugusa sanduku, hata ukilia."

"Sina. Amenikatia simu."

"Barua ipo," Buti akasema.

Kifungu akageuka. Buti akaja mpaka mezani, akasimama karibu naye, mabega yakagusana.

"Iko kwenye barua pepe ya kamati, ameisaini mwenyewe. Na mimi nimekuja kuandika kwamba ile barua iliyo ndani ya bahasha si maoni yangu."

Mama akaangalia, akasoma, akagonga muhuri. Kufuli likafunguliwa, bahasha ikatolewa, zikiwa zimebaki dakika sita.

"Kuna lingine?"

"Lipo moja," Buti akasema. "Leo asubuhi ilitolewa hukumu ya upande mmoja. Mshtakiwa aliomba dakika tano, akanyimwa. Naomba hukumu hiyo iondolewe."

"Hilo halipo kwenye mamlaka yangu," mama akasema, akitabasamu. "Muulize mwenyewe, tena nje. Mimi nafungua zabuni."

Wakakaa kwenye ngazi za nje.

"Nisamehe," Buti akaanza. "Miaka minne hujanidanganya hata siku moja, halafu nikakuhukumu kwa karatasi moja."

"Karatasi yenyewe ilikuwa nzito."

"Hata hivyo ningekusikiliza. Niliogopa, Kifungu. Niliogopa umeutaka ule mlango kuliko mimi."

"Niliutaka sana. Na sasa hautakuwa na jina langu, na naumia, nisikufiche. Lakini uliposema harusi hakuna, sikuukumbuka hata kidogo."

Buti akalia tena. Kifungu hakuwa na leso, akamfuta kwa tai.

"Tai yenyewe chafu."

"Si wewe uliyeninunulia?"

"Niliinunua ikiwa safi." Akamshika mkono, akaubana. "Harusi ipo. Kama bado unanitaka."

"Nakutaka, Buti. Hata leo asubuhi ulivyokuwa unanifokea, nilikutaka."

"Basi ile rasimu kaichape, uiweke nyumbani. Kwenye kompyuta ya kazi nisiione tena."

"Sawa, wakili."

Jumamosi ya harusi ilipofika, msajili wa ndoa aliwasogezea fomu. Buti akasaini kwanza. Kifungu akachukua kalamu, akainama, akaanza kusoma. Akamaliza ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili. Akarudi wa kwanza. Wageni wakaanza kuguna, na mama yake Buti uvumilivu ukamwishia.

"Huyu anasoma nini jamani? Chakula kinapoa!"

"Mwache asome, mama," Buti akasema.

Kifungu akasoma mpaka mstari wa mwisho, pamoja na maandishi madogo ya chini ambayo hata msajili hakumbuki yanasema nini. Kisha akainua macho, akamtazama mke wake.

"Nimesoma yote," akasema. "Na yote nayakubali."

Akasaini.