Mtungi Uliomeza Jina

Mimi si mtu wa kuamini mambo ya majini. Naliandika hilo mapema ili msomaji asinihesabu pamoja na wale wanaoona paka mweusi kisha wakaanza kukemea. Nafanya kazi kwenye mkahawa hapa Karama, Dubai, nachukua oda za biriani na chai ya maziwa, nalala chumba kimoja na wanawake wenzangu, na kwa kawaida kinachonitisha ni foleni ya bafuni. Lakini haya yalimpata Roselyne, binti wa mama yangu mdogo, na mwisho wake niliushika kwa mkono wangu mwenyewe.

Roselyne alikuwa akifanya kazi Mirdif, kwenye villa ya familia moja ya Kipakistani, akimlea mtoto wao wa pekee, Hashir. Mtoto alikuwa hajaanza shule, na mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akila, akaongea akiogeshwa, akaongea hata usingizini. Roselyne alimfundisha Kiswahili cha kuokoteza, na kila nilipopiga simu nilisikia sauti nyembamba ikidai nyuma yake, "Nipe nimsalimie Dada Eve." Nilimtania Roselyne kwamba atakuja kumsahau mama yake mzazi kwa ajili ya mtoto wa watu. Alicheka tu, wala hakubisha.

Joto lilipokolea, Madam akaenda Italia kupumzika, akamchukua Hashir, na Roselyne akaenda kumshika mtoto. Huyo Madam ana ugonjwa wa vyombo vya udongo. Walifikia mji mdogo wa mlimani ambako karibu kila mlango ni duka la mfinyanzi, na yeye hakuruka hata mmoja. Anainua sahani, anaigeuza kutafuta alama ya fundi, anauliza kama kweli imefinyangwa kwa mkono, anairudisha, anatoka. Roselyne nyuma yake na mtoto begani, miguu inawaka moto.

Kwenye duka la mwisho, vyombo vyote vilikuwa vimepakwa rangi za kupendeza, malimau na ndege na maua. Nyuma ya mlango, sakafuni, palikuwa na mtungi mmoja usio na rangi yoyote. Udongo mtupu, tumbo pana, mdomo mwembamba. Roselyne aliniambia moyo wake ulishtuka kwa furaha, kwa sababu ulifanana kabisa na mitungi ya nyanya yetu, mzaa mama.

Nyanya huyo, kule Vihiga, Kenya, alikuwa mfinyanzi, na alikuwa na desturi yake ya kuuza. Humpi mtu mtungi mpaka aujaribu. Unaugonga kwa kifundo cha kidole, unaweka mdomo wako kwenye mdomo wake, unaita jina la mtu atakayeunywea. Mtungi mzima hulirudisha jina. Wenye ufa hulirudisha limepasuka. Na mtungi ukinyamaza kabisa, nyanya alisema, usiondoe mdomo wako hapo. Ita tena na tena mpaka ukujibu, hata jua lizame. Sisi watoto tuliona ni mbwembwe za kibiashara.

Roselyne aliugonga mtungi ule. Hashir akauliza anafanya nini. Basi, kumchekesha, akainama naye na kuita ndani, "Hashir!"

Kimya. Hata mwangwi haukuja.

Alikuwa anainama mara ya pili Madam alipomshika bega. "Yalla, Rose. Gari linasubiri." Bosi akisema yalla, utamwambia kwamba unangoja mtungi ukujibu? Roselyne akainuka. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Mzee mwenye duka alikuwa ameyaona yote. Alikuja, akaugeuza mtungi ukaelekea ukutani, akatikisa kichwa. Hauuzwi. Madam akadhani ni ujanja wa kupandisha bei, akazidi kuutaka. Mzee alitikisa kichwa tena na tena, Madam akazidi kutabasamu. Sikio la kufa halisikii dawa. Mtungi ukaja Dubai kwenye ndege, umefungwa blanketi, na ukawekwa kwenye veranda ya juu, nje ya chumba cha mtoto.

Hashir alianza kwa kukwaruza sauti, wakasema ni kiyoyozi. Kisha maneno yakapungua. Kisha akawa anaonyesha vitu kwa kidole. Madaktari walimulika koo, wakapima damu, hawakuona kitu. Akaacha kucheza, akaacha kula, akawa anakaa tu, macho makubwa, uso umesinyaa.

Roselyne alinipigia kutoka stoo, ananong'ona.

"Eve, kuna mtu anaongea juu."

"Ni TV hiyo."

"TV imezimwa, Eve. Ni yeye. Ni Hashir."

Nilimwambia apumzike, anywe maji. Nilikuwa hodari sana wa ushauri siku hizo.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Mirdif. Umaru, dereva wao Mganda, alinifungulia geti la nyuma. Mchana mweupe, jua la kuchoma, nyumba nzima mapazia yamefungwa. Roselyne alikuwa jikoni akimenya karoti. Juu, mtoto alikuwa anahesabu kwa Kiswahili. Moja, mbili, tatu. Anafika tano, anacheka, anaanza upya.

"Si umesema haongei?" nikauliza. "Mbona amechangamka?"

Roselyne hakuinua macho. "Hashir ameenda hospitali na mama yake."

Tulipanda ngazi. Sijui kwa nini nilivua viatu. Veranda ilikuwa tupu. Mtungi tu. Nilisogea karibu. Kuhesabu kukakoma. Kisha kutoka kwenye mdomo ule mwembamba, karibu kabisa na goti langu, sauti ikasema, "Nipe nimsalimie Dada Eve."

Nilishuka ngazi kwa makalio.

Madam alirudi muda si mrefu, mtoto mikononi. Alikuwa amekonda Madam mwenyewe, hata kunisalimu alisahau. Alikaa sebuleni akimpakata mwanawe. Juu sauti ilikuwa imeanza tena, chini chini. Madam alisema ni mtoto wa jirani. Mimi nilikuwa namtazama Hashir. Midomo yake ilikuwa inacheza. Moja. Mbili. Tatu. Ilifuata ile sauti ya kule juu, nyuma kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo.

Jikoni, Roselyne alimpigia mama yake, mama mdogo Monicah, akamweleza yote kwa Kimaragoli. Simu ilikuwa kwenye spika, nami nikasikia kila neno.

"Nyanya yenu alisema mtungi uliomeza jina haulitoi bure," mama mdogo akasema. "Unataka jina lingine. Na anayeliita aliite la kwake, kwa hiari yake. Roselyne, usifanye. Huyo si mtoto wako. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Alikata simu, akafuta mikono kwa aproni. Nikamshika.

"Rose, wana pesa hao. Watatafuta daktari mwingine."

"Hatafika wiki ijayo. Umemwona." Aliongea taratibu, bila hasira. "Ni mimi nilimwita, Eve."

"Na wewe je?"

Alivibandua vidole vyangu kimoja kimoja. Nilisikia nyayo zake kwenye ngazi. Nilisikia veranda. Kisha nikamsikia akiita jina lake mwenyewe, kwa sauti ya juu, kama anavyoitwa mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Roselyne!"

Kimya.

Sebuleni mtoto akapiga kelele. "Rose! Nataka maji! Rose!" Madam akaanza kulia na kucheka na kumshukuru Mungu, yote kwa pamoja.

Nilipanda mbio. Roselyne alikuwa amesimama karibu na mtungi, ananitazama. Alifungua mdomo. Shingo ilikaza, mishipa ikatoka. Alijaribu tena. Hapakutoka hata mkoromo.

Hashir alinenepa haraka. Roselyne alipelekwa hospitali ile ile, wakamulika koo lile lile, na mwishowe Madam akasema khalas, basi imetosha, msichana asiyeweza kuongea hawezi kulea mtoto. Visa ikafutwa. Sina neno jema la kumwandikia mwanamke yule, ingawa najua hakujua. Roselyne aliletwa chumbani kwetu Karama kusubiri ndege. Alikaa kwenye kitanda changu, amepakata mikono.

Mama mdogo alinipigia mimi. Hakulaumu mtu. "Everlyn, omba huo mtungi, aje nao. Mimi nimeongea ya kutosha hapa duniani. Nitaita jina langu, mwanangu apate sauti yake. Ulete tu."

Nilikwenda Mirdif nikiwa na shuka la kuufungia. Madam alinipokea mlangoni, Hashir amemshika gauni, anaropoka bila kupumua. Nikaomba mtungi.

"Ule? Nilichoka kuutazama," akasema. "Alikuja mama mmoja kwenye sherehe ya Hashir, rafiki wa rafiki, akausifu. Nikampa. Alikuwa anahama nchi wiki hiyo hiyo."

"Anahamia wapi, Madam?"

"Sikumuuliza. Ni chombo tu, dada."

Mlango ukafungwa. Nilibaki pale na shuka langu, na nakiri nililia kama mtoto.

Umaru alinikuta getini. Alinivuta mpaka nyuma, kwenye vyumba vya wafanyakazi.

"Ni mimi niliubeba mpaka kwa gari," akasema chini chini. "Niliukumbatia hivi. Nikateleza kidogo kwa ngazi. Mtu akaniambia, 'Polepole, kaka.' Ile sauti naijua, ni ya Rose. Mimi nikajibu, 'Sawa, dada.' Nikageuka. Hapana mtu."

Kwenye kamba palining'inia shati lake jeupe la kazi. Jua la Agosti hapa hukausha nguo kabla hujamaliza kuibana. Shati lote lilikuwa kavu kama karatasi, isipokuwa kifuani, mahali alipoulaza mdomo wa mtungi. Palikuwa na duara la unyevu.

"Nimefua. Nimeanika kila siku. Haikauki," akasema. "Chukua. Mimi siwezi kuvaa."

Niligusa. Palikuwa na joto. Kisha pakapoa. Kisha joto tena.

Nilimpelekea Roselyne, kwani ningempelekea nini kingine? Nilimweleza kwamba mtungi umekwenda na hakuna ajuaye ulikokwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akalichukua shati, akaliweka shavuni, mkono wangu ukabaki umebanwa katikati. Akalia, mdomo wazi, bila sauti yoyote. Na chini ya kiganja changu lile joto likaanza kuja mbio mbio, likikatika na kurudi, kama pumzi ya mtu anayelia kwa kwikwi mahali pa mbali.