Kiatu Kilichonyamaza

Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025. Manyunyu yalianza alfajiri, na ukungu ulikuwa mzito hata ng'ombe wa Kebirigo walisikika kabla hawajaonekana.

Manasseh Mokua, jasusi wa serikali, jina la kazi Kware, aliegemea gari lake, Probox nyeupe, kando ya shamba la majani chai. Macho yake yalikuwa kwenye tableti ya Samsung.

Haikuonyesha kitu.

Simu ikalia.

"Kware."

"Ndiyo, Mlima."

"Amesogea?"

"Bado."

"Yu hai?"

Manasseh alitazama tena. "Sijui."

Mlima, mkubwa wake aliyekuwa Nairobi, akakata simu bila kuaga.

Daktari Edinah Kerubo, mhadhiri wa chuo kimoja mjini Kisii, alitekwa jana alasiri. Watekaji walimnyang'anya simu, saa, hata hereni. Viatu walimwachia. Hawakujua kwamba ndani ya soli ya kushoto aliweka kazi ya mikono yake: utando mwembamba kama ganda la kitunguu, plastiki laini iliyochanganywa na chembe za nano. Hauna betri. Ukikanyagwa unazalisha umeme wake wenyewe, na kwa umeme huo unatuma mlio mfupi kwa vipokezi alivyofunga kwenye vituo vya kununulia majani chai.

Edinah akitembea, kiatu kinasema.

Akikaa, kinanyamaza.

Akifa, kinanyamaza vilevile.

Waliomteka walitaka kuufukia utando huo chini ya vijia vya mpakani, ili wasafirishaji wa bunduki wajue kila askari anapokanyaga. Namna ya kuuchanganya aliijua yeye peke yake. Walimbembeleza, akakataa. Ndipo wakamchukua.

Kamera ya kituo cha mafuta ilimnasa akiingizwa nyuma ya lori la Isuzu lililojaa ndizi, namba zake zimepakwa matope. Manasseh akafunga barabara: Keroka, Sondu, Sotik. Askari walipekua malori ya ndizi hadi asubuhi, wakapata ndizi.

Alikuwa na Glock 19 kiunoni, darubini shingoni na ruhusa ya kufanya lolote. Hakuwa na mahali pa kuvielekeza.

"Bwana," alinong'ona, "mimi nimefika mwisho. Nionyeshe."

"Afande, hata wewe unaomba kazini?"

Aliyeuliza ni Konstebo Lavender Nyaboke, askari wa hapa Nyamira aliyepewa amsaidie. Alikuwa ndani ya gari akifuta kioo kwa kiganja.

"Kuna sheria inakataza?"

"Hakuna. Ila leo ni Sabato yangu, na mimi niko hapa natazama majani chai. Ndiyo maana nimenuna."

Tableti ikalia.

Ti.

Kimya.

Ti. Ti.

Manasseh akainama juu ya tableti. Nukta moja ya kijani. Kipokezi cha Nyaramba, hicho peke yake.

"Anatembea," alisema.

Lavender alisogea. "Hakuna mtu anayetembea hivyo, Afande." Akaanza kugonga dashibodi kwa kidole akifuata milio. Punde si punde alikuwa anavumisha wimbo puani, bila kujua. Kidole kikasimama. "Huo ni wimbo wa kufungulia ibada. Anapiga mguu watu wakiimba."

Milio ikakoma.

Manasseh akashika kichwa.

"Tulia," Lavender alisema. "Sasa wanaomba. Kukiwa kimya hawezi kupiga, atasikika."

Wakangoja. Lilikuwa ombi la mtu asiye na haraka. Kisha: ti. Ti, ti.

Manasseh aliona ujinga wake wote kwa mara moja. Alikuwa anasaka lori linalokimbia, na lori halikukimbia. Wageni wale walimkodi dereva wa hapa siku ya Ijumaa alasiri, wasimuulize anasali wapi. Jua lilipozama Sabato ikaingia, dereva akaegesha. Na yeye Manasseh, mtoto wa mzee wa kanisa, aliyekulia ndani ya desturi hiyo, alipanga vizuizi kama mtu ambaye hajawahi kufika Nyamira.

Probox iliruka matuta hadi Nyaramba.

Lori liliegeshwa chini ya mkaratusi, uwanjani mwa kanisa. Waumini walijaa hadi nje. Ndani ya kabini aliketi mgeni mwenye koti jeusi, na mkono wake wa kulia haukutoka mfukoni.

Chini ya lori, watoto walikuwa wamejikinga manyunyu.

"Mlima, nimeliona."

"Usiliguse. Kikosi kiko njiani."

"Kiko wapi?"

"Daraja limefunikwa na maji. Ngoja."

"Kuna watoto chini ya lori."

"Ndiyo maana nasema ngoja."

Akangoja hadi mahubiri yakakaribia mwisho. Bastola ilimlemea kiunoni kama jiwe la kusagia, na faida yake ilikuwa ndogo kuliko ya jiwe.

Lavender, ambaye hakuwa na sare, aliingia kanisani akamtoa dereva polepole. Ronny Ondieki, tai nyekundu, Biblia kwapani.

"Umebeba nini?" Manasseh aliuliza.

"Ndizi, Afande. Na huyo bosi. Wenzake walizipanga upya nikilipia mafuta. Jana alitaka twende Isebania, mpakani, nikamwambia tutaenda leo jua likizama. Akanitolea kitu cha chuma. Nikamwambia apige tu, ufunguo naingia nao kwa ibada."

"Kwa nini hukuita polisi?"

"Alinionyesha kwa ishara. Akiona askari, anaanza na hao watoto."

"Chini ya ndizi kuna mwanamke, Ronny."

Ronny akaketi kwenye nyasi mbichi, na tai yake.

Mama mmoja alikuwa amesimama nyuma yao na beseni na jagi la maji ya moto. Orpah, shemasi wa kanisa.

"Huyo hajala tangu jana," alisema. "Chai yangu aliikataa asubuhi. Lakini sasa harufu ya matoke imemfikia, naona anameza mate."

"Mama, ana bunduki."

"Iko kwa mkono wake. Na mtu hali chakula changu bila kunawa."

Manasseh hakuupenda mpango huo. Hakuwa na mwingine.

Orpah aliwaita watoto kwa chakula. Wakachomoka chini ya lori mmoja mmoja, taratibu, kana kwamba wana siku nzima. Manasseh akavua koti, akachukua sahani, akamfuata mama nyuma. Lavender akazunguka upande wa pili.

Mlango wa kabini ulifunguka kidogo.

Mgeni aliitazama sahani. Akawatazama akina nyanya waliokuwa wakipakua chakula. Akatoa mkono wa kushoto.

Orpah hakumwaga maji.

"Yote miwili, mwanangu."

Mgeni hakujua Kiswahili. Beseni alilielewa. Orpah alisubiri na jagi hewani.

Mkono wa kulia ukatoka.

Mtupu.

Maji yakamwagika juu ya mikono miwili.

Manasseh akaachia sahani. Pingu zilijifunga kabla matoke hayajagusa nyasi. Lavender alipenya kwa mlango wa pili, akachomoa bastola ya Makarov kwenye mfuko wa koti.

Hakuna risasi iliyolia.

Wanaume walirusha mikungu chini. Nyuma kabisa, ndani ya sanduku la mbao, alilala Edinah, mikono imefungwa, mdomo umebandikwa utepe. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba hadi kifundoni. Walipomtoa utepe, aliongea na waumini kwanza.

"Walinidunga dawa. Niliamka mkiimba. Mlipoacha, niliacha. Nilikuwa nawaombea msichoke."

Manasseh alimtumia Mlima ujumbe, na mara simu ikalia.

"Kazi nzuri, Kware. Ondoka hapo."

"Na waliomtuma huyu mgeni?"

"Hatuwajui bado. Ondoka."

Manasseh akavaa koti lake, akapangusa mikono, akatembea polepole kuelekea Probox. Orpah alikuwa amesimama mlangoni mwa gari.

"Wengine watarudi?"

"Sijui, mama."

"Basi sema kile unachokijua. Usiniambie mimi. Waambie hawa wote."

Waumini walikuwa wamegeuka, sahani mikononi. Edinah alikuwa ameketi kwenye benchi, mguu ndani ya beseni. Kazi ya Manasseh haikumruhusu kuahidi, wala kutaja jina lake.

Aliondoa mkono kwenye mlango wa gari.

"Mimi ni Manasseh, mtoto wa Mokua wa Kebirigo," alisema kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Mbele ya kanisa hili nasema: Daktari Edinah akinyamaza tena, sitakaa nikingoja asikike. Nitakuja siku hiyo hiyo."