Uzito wa Dumu

Siku ya nne baada ya kurudi kutoka Katesh, Hilda alinyanyua dumu la maji lililokuwa kwenye kona ya jiko akalirudisha chini haraka. Lilikuwa zito kuliko siku waliyolileta. Lilikuwa dumu la lita kumi tu, na tangu Jumapili walikuwa wamelichota kwa chai, kwa uji wa Glory na kwa kunywa. Alifungua kifuniko akachungulia. Maji yalikuwa yamefika mdomoni kabisa.

"Baba Glory," aliita. "Umeongeza maji kwenye dumu?"

"Niongeze ya wapi?" Xavery alijibu kutoka uani, alikokuwa akifunga katoni za dawa za mifugo kwenye pikipiki. "Umesahau tu. Siku hizi unasahau mpaka chumvi."

Hilda akaliacha. Mwanamke mwenye mtoto wa miaka miwili, ng'ombe mmoja wa maziwa na shamba la vitunguu saumu hana nafasi ya kubishana na dumu.

Safari ya Katesh ilikuwa wazo la Xavery. Walikuwa wanatimiza miaka mitatu ya ndoa, na yeye akasema waache Dongobesh siku mbili, Glory abaki kwa bibi yake, wakapumzike kama watu wanaoonekana kwenye simu. Tarehe yenyewe ya ndoa ilikuwa wiki moja mbele, lakini alisema wiki hiyo atakuwa na kazi nyingi. Hilda hakupinga. Walilala kwenye nyumba ya wageni yenye dirisha linalotazama mlima Hanang, wakala wali kwa kuku, wakapigana picha. Jumamosi baada ya chakula cha mchana Xavery alisema anakwenda mara moja kumwona mteja wa dawa ya kupe. Alikaa karibu saa tatu. Aliporudi, viatu vyake vilikuwa na udongo, na kucha zake pia.

"Mteja gani huyo, mlikuwa mnalima?" Hilda alimtania.

"Pikipiki ilikwama," alisema, akaenda kulala.

Kesho yake, wakiwa njiani kurudi, alisimamisha pikipiki kwenye chemchemi iliyo chini ya mlima. Alinawa mikono muda mrefu, mpaka viwiko, kisha akajaza dumu kwa mikono ile ile. Alisema maji ya pale ni matamu, hayahitaji hata kuchemshwa.

Basi, siku ya tano ikaja harufu. Nyumba ya Hilda ilinuka vitunguu saumu mwaka mzima, kwa kuwa mafungu yalining'inia darini mpaka mlangoni, na wageni walizoea kupiga chafya kabla ya kusalimia. Siku hiyo hakusikia kitunguu hata kimoja. Alisikia udongo, udongo mbichi uliochimbuliwa sasa hivi baada ya mvua, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei.

Siku ya sita alimkuta Glory amekaa kando ya dumu, anamimina uji wake kijiko kwa kijiko kwenye mdomo wa dumu.

"Unafanya nini, mama?"

"Nampa mdogo."

"Mdogo yupi?"

Glory aliweka kidole mdomoni kumnyamazisha mama yake. "Analala," alinong'ona.

Hilda alilibeba dumu kwa mikono miwili, akalimwaga lote shambani, kwenye tuta la mwisho, akalirudisha jikoni likiwa tupu na jepesi, limelazwa ubavu. Alikwenda kukata majani ya ng'ombe. Aliporudi lilikuwa limesimama, limejaa. Kwenye tuta la mwisho majani ya vitunguu yalikuwa yamelala chini, na alipong'oa kimoja kikasagika mkononi mwake kama ugali wa jana.

Alimwambia Xavery wakiwa mezani. Xavery hakucheka. Aliweka kijiko chini, akatazama upande wa jiko, kisha akatazama simu yake.

"Usimwambie mtu," alisema kwa sauti ndogo. "Watu wataongea."

"Wataongea nini?"

"Wataongea tu."

Glory alianza kupungua. Kila alipoamka usingizi wa mchana nguo zake zilikuwa zimelowa chapachapa, na haukuwa mkojo. Yalikuwa maji baridi, yananuka ule udongo. Na kila mchana, saa saba, jua likiwa kali na kuku wamejificha chini ya ghala, Hilda alisikia kutoka jikoni sauti ya kitu kinachonyonya, taratibu, kinapumzika, kinanyonya tena, sauti ambayo mwanamke aliyewahi kunyonyesha hawezi kuifananisha na kitu kingine.

Siku ya tisa alikuwa shambani aliposikia watoto wawili wanacheka. Mmoja alikuwa Glory. Alitupa jembe, akakimbia, na alipokuwa anakimbia kicheko cha yule mwingine kikageuka kuwa kilio, kilio chembamba cha kichanga ambaye hajajua bado kujaza hewa kifuani, na alipofika mlangoni akamkuta Glory amepiga magoti mbele ya dumu, mkono wake umeingia kwenye ule mdomo mwembamba mpaka kiwiko, kisha mbele ya macho ya mama yake ukaingia mpaka begani, ndani kuliko urefu wa dumu lenyewe, na mtoto hakulia wala hakuogopa, alikuwa ameegemeza shavu kwenye plastiki kama anayesikiliza, na Hilda alipomshika kiunoni na kuvuta alihisi waziwazi kwamba upande wa pili nako kuna anayevuta.

Mkono ulitoka. Kwenye kifundo kulikuwa na alama tano nyekundu za vidole, kila kimoja chembamba kama kijiti cha kiberiti.

Hilda hakumsubiri mume wake. Alimfunga Glory mgongoni akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake, Oliva. Mama huyo alizitazama alama zile muda mrefu bila kuuliza swali hata moja, jambo ambalo Hilda aliliona na kulihifadhi. Kesho yake asubuhi akaja na Mzee Gidamis, mganga wa Kibarbaig kutoka upande wa Bassotu, ambaye watu wa parokia walimwendea kwa mlango wa nyuma na Jumapili hawakumjua.

"Shikamoo babu," Hilda alisalimia.

"Marahaba, binti. Mume wako asiondoke."

Xavery alikuwa tayari ameshika ufunguo wa pikipiki. Akakaa.

Mzee alisimama mlangoni mwa jiko bila kuingia. Alivuta hewa puani mara moja tu. "Nani hapa yuko kwenye metimani?"

Hilda alilijua neno hilo. Hakuna mtoto wa Kiiraqw wala wa Kibarbaig asiyelijua. Nyumba iliyofiwa na kichanga hujitenga. Hawaombi moto kwa jirani wala hawatoi, na zaidi ya yote hawagusi chemchemi, kwa sababu ndani ya chemchemi wanakaa wenye maji, ambao wazee huwaita neetlaangw na watu wa mjini huwaita majini, na hao hawavumilii uchafu wa kifo. Mama yake Hilda mwenyewe aliwahi kukaa hivyo, miezi, bila kusalimiana na mtu ila kwa mbali.

"Hapa hakuna mtoto aliyekufa, babu," alisema.

"Yupo."

"Mtoto wangu ni huyu mmoja."

"Sijasema wako."

Xavery aliwasha simu, akaizima, akaiwasha tena.

"Hiyo simu haitakujibia," mzee alimwambia. "Sema. Mtoto wa nani?"

"Wa Irene," Xavery alisema, akitazama sakafu. "Dada mmoja wa Katesh. Wa kiume. Alizaliwa Alhamisi, Ijumaa akafa."

"Ijumaa tulikuwa tunafika," Hilda alisema.

"Nilimzika Jumamosi."

Hilda alizipanga siku kichwani kama anavyopanga mafungu ya vitunguu, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Jumamosi baada ya chakula. Udongo kwenye kucha. Kisha akaikuta ile tarehe ya ndoa.

"Ndiyo maana ukaisogeza," alisema polepole. "Hukunipeleka kupumzika. Ulikuwa unasubiri mtoto azaliwe, ukatafuta sababu ya kuwa karibu. Sababu nilikuwa mimi."

Oliva alirekebisha kitenge mabegani, ingawa hakikuwa kimeanguka.

"Na wewe mama ulijua?"

"Nilidhani yatakwisha yenyewe," Oliva alisema, karibu hakusikika. "Sikutaka kuvunja nyumba."

Mzee Gidamis alisubiri wamalize, kama mtu anayesubiri ng'ombe wapite barabarani. Kisha akaeleza, bila kumkemea mtu. Huyu baba alitoka kaburini na uchafu wa mwanawe mikononi, hakujitenga, akaenda kuunawa ndani ya nyumba ya wenye maji. Nao wakamrudishia. Mtoto amefuata maji yaliyochotwa na mikono ya baba yake, na hana akili ya kuchagua; anamshika yeyote aliye karibu, na aliye karibu ni dada yake.

"Dawa yake?" Hilda aliuliza.

"Dawa ni kufanya ambalo halikufanyika. Baba wa marehemu na mama wa marehemu wakae pamoja, nyumba moja, wametengwa, mpaka mwezi ufe mara tatu. Maji haya baba ayarudishe mwenyewe kwa mkono wake, ayamwage kando ya chemchemi bila kuigusa. Asikanyage hapa, asinywe maji ya hapa, asiote moto wa hapa. Akivunja, mimi msiniite tena."

"Pamoja," Hilda alirudia. "Yeye na huyo Irene."

"Ndiyo wazazi."

Hilda alimtazama mume wake. Alingoja abishe, aseme haiwezekani, aulize kama hakuna njia nyingine, amtaje mbuzi, kondoo, hata ng'ombe. Xavery hakubisha. Uso wake ulilegea kidogo, kama wa mtu aliyekuwa anatafuta ruhusa akaletewa nyumbani, na hilo lilimkata Hilda kuliko jina la Irene na kuliko udongo wote wa kwenye kucha.

Aliingia chumbani akamfungia begi. Aliweka suruali mbili, mashati, mswaki, na sweta, kwa kuwa upepo wa Katesh anaujua. Angeweza kuliacha sweta. Aliliweka kwa sababu alitaka akae huko miezi yote mitatu bila kisingizio cha kurudi kulifuata.

Dumu lilipofungwa kwenye pikipiki, Glory alilipungia mkono.

Nyumba ilikauka. Vitunguu vilianza kunuka tena siku ya pili, na Glory akaanza kuomba uji kabla haujaiva. Zile alama tano zikawa za njano, zikafutika. Hilda alikamua ng'ombe, akapanda upya tuta la mwisho, akajibu maswali ya majirani kwa kusema Baba Glory yuko kazini. Oliva alileta mahindi mara mbili. Hilda aliyapokea kwa heshima, akamwambia asante mama, hakumkaribisha ndani.

Wiki ya saba, saa sita mchana, pikipiki iliingia uani.

"Jamani wenyewe," Xavery alisema akishuka. Alikuwa na mkate na juisi kwenye mfuko. "Hamnipokei?"

Hilda alisimama katikati ya mlango. "Mwezi umekufa mara moja tu."

"Irene amenichosha. Halii, haongei, anakaa tu. Na nimewauliza watu walioenda shule, Mama Glory. Haya mambo ni ya zamani. Yule mzee alitutisha."

"Rudi. Nakuomba kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto ni wangu pia."

Alimpita kwa bega. Alikwenda kwenye ndoo ya maji ya kunywa, akachota kikombe kizima, akanywa huku anamtazama mke wake. Akachota cha pili. Wakasubiri wote wawili. Ng'ombe alikohoa zizini. Hakikutokea kitu.

"Umeona?" Xavery alicheka. Akavuta kigoda, akakaa. "Glory, njoo kwa baba."

Glory alikuwa ameshika sketi ya mama yake. Hakwenda. Alikuwa anamtazama baba yake, lakini si usoni.

"Baba amembeba mdogo," alisema.

Ndipo Hilda alipoona. Tangu aliposhuka kwenye pikipiki Xavery alikuwa akifanya kila kitu kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umekunjwa kifuani, kiganja juu, kiwiko kimeinuka kidogo, kama anavyoshika kila mtu anayeogopa shingo ya kichanga isilegee. Shati upande huo lilikuwa limelowa, na tone moja likaanguka sakafuni, na jingine. Xavery alirarua mfuko wa mkate kwa meno. Hakuonekana kujua kwamba ana mkono ambao hautumii.

"Mbona bega linaniuma hivi," alisema huku anatafuna. "Ni hii pikipiki."

Hilda alijua la kumwambia. Lilikuwa neno moja tu, mkono, na lilikuwa mdomoni tayari. Alimtazama mwanamume huyu anayekula mkate kwenye kigoda chake, akamtazama Glory, ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa mikavu. Alivuta kanga kwenye kamba, akamfunga mtoto mgongoni, akabana vizuri.

"Kula tu, Baba Glory. Nafika kwa mama yangu kuchukua mbegu."

"Mnarudi saa ngapi?"

"Jioni."

Ulikuwa uongo wa kwanza aliomwambia mume wake katika miaka mitatu, na alishangaa jinsi ulivyotoka bila shida. Alivuka uani akashika njia ya Mbulu, hakukimbia. Nyuma yake, ndani ya nyumba, alimsikia Xavery anasogeza kigoda, anakohoa, kisha, mkate ukiwa bado mdomoni, anaanza kubembeleza kwa sauti ya chini, shii, shii, bila kujua anambembeleza nani.