Diwani Anaelea

Atupele anaishi Tukuyu. Tukuyu kuna mvua. Kuna ndizi. Kuna minyoo mingi sana.

Atupele ana aksolotli. Aksolotli ni mnyama wa majini. Ana miguu minne mifupi, mkia, na matamvua mekundu ya kupumulia.

Aksolotli huyu anaitwa Diwani, kwa sababu humtabasamia kila mtu. Hutabasamu asubuhi. Hutabasamu jioni. Ndivyo mdomo wake ulivyo.

Tangi la Diwani liko mezani. Watu nao hula mezani.

Na nyumbani kwa kina Atupele, mtu hali peke yake. Ukila, unamkaribisha aliye karibu. Usipomkaribisha, Bibi anakutazama. Hakuna anayetaka kutazamwa na Bibi.

Asubuhi Baba alikuwa anakula kiazi. Diwani akamtazama. Baba akaona haya. Akachukua mnyoo kwenye kopo.

"Karibu, Diwani."
Chubwi! Hap!
Diwani akatabasamu.

Mchana Mama alikuwa anakula ndizi. Diwani akamtazama. Mama naye akaona haya.

"Karibu, Diwani."
Chubwi! Hap!
Diwani akatabasamu.

Jioni Bibi alikuwa anakula maharage. Bibi haoni haya hata kidogo. Lakini ana adabu.

"Karibu, Diwani."
Chubwi! Hap!
Diwani akatabasamu.

Atupele naye alimkaribisha. Alimkaribisha kila alipokula. Atupele anapenda kula.

Siku moja Diwani akaelea. Tumbo lilikuwa limevimba kama andazi. Mkia ulikuwa juu, kichwa kilikuwa chini. Alipiga miguu ili azame, pwata, pwata, pwata. Hakuzama.

Lakini alitabasamu.

Baba akasema Diwani amefurahi. Mama akasema anajifunza kuogelea upya.

"Anaumwa," akasema Atupele. Aliogopa sana. Aliogopa Diwani atakufa.

Akaitwa Shangazi Lugano. Shangazi ni daktari wa mifugo. Alivua mabuti mlangoni, akamtazama Diwani kwa muda mrefu.

"Huyu si ng'ombe," akasema.

Hakuna aliyebisha.

Shangazi akauliza nani anamlisha. Baba akanyoosha mkono. Mama akanyoosha mkono. Atupele akanyoosha mkono. Bibi akasema yeye hamlishi, anamkaribisha tu.

"Amevimbiwa," akasema Shangazi. "Choo hakitoki. Mpeni maji safi ya baridi. Asile kitu mpaka apate choo. Akila tena, anaweza kufa."

Wakamhamishia Diwani kwenye beseni la maji yaliyolala usiku kucha, kando ya meza. Shangazi akaenda kwa ng'ombe wake.

Chakula kikaiva. Diwani akamtazama Atupele. Atupele alitaka kusema karibu. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Akalimeza pamoja na ndizi. Machozi yakamtoka.

"Samahani, Diwani," akasema. "Leo sikukaribishi."

Bibi akamtazama Atupele. Kisha akainuka, akageuza kiti chake, akakaa akiangalia ukuta.

"Nisipomwona, si lazima nimkaribishe," akasema Bibi.

Baba akageuza kiti. Mama akageuza kiti. Atupele akageuza kiti. Wakala wote wakiangalia ukuta. Ukuta ulikuwa wa kijani.

Kesho yake wakala hivyo hivyo. Mchungaji wa kanisa alikuja kuwasalimia. Naye akapewa kiti cha kuangalia ukuta. Alikula vizuri tu.

Usiku Atupele alikwenda kubadilisha maji ya beseni. Akainama. Akaona kitu majini. Kilikuwa cheusi. Kilikuwa kikubwa.

"Bibi," akaita, "Diwani amepata choo."

Watu wote wakaja. Wakakizunguka. Baba akavua kofia.

Diwani akapiga miguu, pwata, pwata. Akazama. Akazama mpaka chini kabisa, akatulia.

"Hongera," Bibi akamwambia.

Atupele akacheka. Kisha akalia. Kisha akasinzia palepale sakafuni, maana alikuwa amechoka kuogopa. Baba akambeba hadi kitandani. Mama akamfunika blanketi.

Bibi akabaki na beseni. Alipoona hakuna anayemtazama, akainama karibu na maji.

"Lala salama, mjukuu wangu," akasema.